Kumi na Mbili Kasoro Moja

Jumatatu, 4 Agosti

Nimefika. Mgongo wote unauma — lile lori halikusamehe shimo hata moja. Nimekaa kwenye kitanda cha kukunja ndani ya hema linalonuka mafuta ya taa na soksi za mtu wa mwaka jana.

Daftari hili ni la Shangazi. Amelishonea jalada la kitambaa cha bluu kilichobaki kwenye sare za wauguzi. Alisema niandike chochote ninachotaka, hakuna atakayesoma. Nikamwambia hilo ndilo tatizo lenyewe. Akacheka na pini zake mdomoni, nikaogopa atazimeza.

Likizo hii nilikuwa niende kwa Mama. Alisema njoo. Halafu akasema ngoja kwanza, mtoto bado mchanga, na mume wake hajazoea nyumba kujaa watu. Halafu akanyamaza. Ndipo Shangazi akaleta fomu: kazi ya likizo kwa vijana, wiki tatu, kutengeneza njia na kutunza msitu wa umma, chakula na malazi juu yao. Wanalipa, alisema. Alilirudia mara tatu, na mimi sikuwa nimeuliza habari za malipo.

Msitu wa umma maana yake ni wa watu wote. Mkubwa mmoja alikuja kutufungulia kazi, akawa anatunyooshea kidole: msitu huu ni wako, na wako, na wako. Mimi nilikuwa nyuma ya nguzo. Kidole hakikunifikia.

Tuko kumi na wawili. Kiongozi wetu ni mama mmoja mfupi, mnene, mwenye buti kubwa kuliko za wavulana. Ametupa namba kwa jinsi tulivyoshuka kwenye lori. Mkanda wa begi langu ulinasa kwenye msumari, nikawa wa kumi na moja. Wa kumi na mbili ni msichana aliyekuwa amesimama kule juu anangoja mtu amshushie mizigo. Amekuja kuchimba mitaro na kucha ndefu nyekundu! Hata chai haijamiminwa, tayari alikuwa anaitwa Kucha. Ndiye mwenzangu wa hema. Ameniuliza kama hapa kuna mtandao. Nimesema sijui, mimi sina simu. Mazungumzo yakafia hapo.


Jumanne, 5 Agosti

Sasa najua kwa nini kiongozi wetu anaitwa Mama Hesabu. Anatuhesabu kambini kabla ya kutoka, anatuhesabu tukifika kazini, tukiondoka kazini, kwenye daraja la magogo na hapa langoni. Mara tano kwa siku! Njia ni nyembamba, tunakwenda mmoja nyuma ya mwenzake, na yeye yuko mbele kabisa. Hageuki. Anainua mkono, anasema "Hesabu!", na namba zinaanza kurudi nyuma, moja, mbili, tatu, mpaka mkiani. Mkia ni mimi na Kucha.

Asubuhi mvulana mmoja aliuliza kama sisi ni mbuzi. Mama Hesabu hakukasirika. "Nimeingia na kumi na wawili, nitatoka na kumi na wawili," alisema. "Sikumzaa hata mmoja wenu, lakini nimewasainia wote."

Sheria zake ni chache. Hakuna kuacha msafara peke yako, hata kwa haja ndogo. Filimbi shingoni muda wote. Ukipotea, kaa hapohapo ulipo na upulize. Atakayeacha msafara anarudi kwao siku hiyohiyo, na begi lake.

Mbele yangu yuko namba kumi, anaitwa Mhubiri kwa sababu anaombea chakula mpaka kinapoa. Anatembea huku anaimba chinichini, hata kifaru akimpita ubavuni hana habari.

Nimepata malengelenge manne. Jioni nimejaribu kukumbuka nimeongea nini tangu asubuhi. Nimesema "kumi na moja" mara tano, na "asante" kwa mpishi. Basi.


Alhamisi, 7 Agosti

Njia ya wageni imeliwa na mvua mpaka imekuwa korongo. Tunachimba mitaro midogo ya mshazari inayoikata, na ukingoni tunapanga mawe, ili maji yatoke pembeni yasiteremke na njia. Ukimaliza, Mama Hesabu anakuja na debe la maji, anamwaga kule juu, wote mnasimama kuangalia. Yakitoka pembeni umefaulu. Yakinyooka, fukua uanze upya.

Mtaro wa kumi na moja na kumi na mbili umefaulu mara ya kwanza! Ukweli ni kwamba mimi nilichimba na kupanga mawe, Kucha alishika mtaimbo na kuuonea huruma. Lakini umefaulu. Mama Hesabu akasema yeye tunaweza kumdanganya, maji hatuwezi. Akanipiga kofi la begani, la kupongeza. Mpaka sasa naweza kuonyesha mahali lilipopiga.

Chakula cha jioni: benchi la watu sita limekaliwa na saba. La kwangu nimekaa mimi. Nilijifanya nasoma maandishi ya kwenye gunia la mchele. Nimeshayajua kwa moyo.


Jumamosi, 9 Agosti

Mvua. Hakuna kazi mchana. Tumejazana bwaloni, Mama Hesabu kaenda kwenye kibanda cha mlinzi wa msitu kuleta betri za redio za mkononi. Watu wakaanza michezo. Kila mtu afanye anachoweza. Mmoja akatembea kwa mikono, mwingine akatoa mlio wa pikipiki. Ikafika zamu yangu.

Mimi ninachoweza ni kimoja. Nimekulia chini ya meza ya cherehani ya Shangazi. Wateja siwaoni, nawasikia tu, na nikawa nawaiga mmoja mmoja. Mama alipohama niliiga na sauti yake. Nilikuwa najifunika shuka, najiambia kwa sauti yake lala sasa, na ninalala. Hilo sikuwaambia.

Nilikwenda nje, nikafunga mlango, nikakohoa kile kikohozi cha Mama Hesabu, nikasema: "Hesabu!"

Ndani namba zikaanza. Moja, mbili, tatu — walifika nne kabla ya mtu kufungua mlango! Walicheka mpaka mpishi akaja na mwiko kuuliza nani kafa. Wakanipa jina papo hapo: Kasuku. Jioni Mama Hesabu aliposikia akashangaa mtu asiyesema kitu anaitwaje Kasuku. Hakuna aliyemjibu.

Kucha amelala upande wake, kanigeukia. "Mimi unaniweza?" ameuliza. Nimesema sijajaribu. Nilishajaribu Jumanne.


Jumapili, 10 Agosti

Kumbe mtandao upo. Juu ya mahali tunapochimba kuna mwamba, mlinzi wa msitu hupanda huko kupiga simu. Dakika ishirini kupanda. Kucha amemchimba mlinzi mpaka amejua kila kitu, hata njia ya mkato anayoshukia, inayotokea karibu na lango la kambi.

Mpango wake ni huu. Wakati watu wanakusanya vifaa, yeye anachepuka. Tukihesabiwa kuondoka, namwitikia. Kwenye daraja, namwitikia. Kabla ya langoni atakuwa ameshatokea, anaingia nyuma yangu na kujiitikia mwenyewe. Mara mbili tu. Mama Hesabu hageuki, na Mhubiri yuko mbinguni.

Kwao ni wengi: mama, baba, wadogo watatu, simu inazungushwa kama sahani. Anasema asipowasikia siku tatu anaanza kuumwa kichwa. Nilimsikiliza nikajihurumia kidogo, niseme kweli. Halafu akauliza, na wewe je, nikupigie nani? Namba ya Mama naijua kichwani, tangu zamani. Nikaisema kabla sijafikiri.

Kuhusu kuitikia nilimwambia ngoja nikalale nayo. Uongo mtupu. Nilikuwa nimeshakubali tangu alipogeuza kitanda chake kuelekea kwangu.


Jumanne, 12 Agosti

Imewezekana!

Nilibeba mitaimbo miwili, wake na wangu. Mhubiri akasema kumi. Nikasema kumi na moja, nzito kidogo. Kisha sauti ya Kucha: "Kumi na mbili" — yeye huivuta ile "mbi" kama mtu anayepiga mwayo. Mama Hesabu akashusha mkono, tukaenda. Darajani hivyohivyo. Karibu na lango vichaka vikatikisika, Kucha akatokea, majani kichwani, anacheka bila sauti. Akanishika mkono. Tukaingia langoni tumeshikana mikono.

Na Mama! Kucha ameongea naye! Amesema: mwanangu mpenzi, nakukumbuka sana, jitahidi na kazi, siku yoyote nitakuja kukuchukua. Nimemwambia Kucha arudie. Amerudia. Nimeandika hapa ili yasipotee.


Alhamisi, 14 Agosti

Mara ya pili, kazi nyepesi. Mama amesema nisichoke, nile vizuri.

Kucha sasa anakula kwenye benchi langu. Amesema huko kwingine wanampigia kelele. Baada ya kula amenifumua nywele na kunisuka upya. Tangu Mama ahame, kichwa changu kimeshikwa na Shangazi tu, naye hushika kichwa kama anashika kitambaa. Nilisinzia nikaegemea goti la mtu.

Leo nimeongea sana, sikuhesabu.


Jumamosi, 16 Agosti

Siku ya kufua. Nimeanika nguo, nikajilaza hemani mchana. Kucha alikuwa kijitoni bado. Nikajifunika shuka kama zamani, nikataka nijisemee maneno ya Mama kwa sauti ya Mama.

Hayakuingia. Nimejaribu tena na tena. Sauti ninayo, ipo palepale nilipoiacha, lakini kila nikiitia "mwanangu mpenzi" inakwama.

Mama hajawahi kuniita mwanangu mpenzi. Mimi nina jina la mama yake mzazi, kwa hiyo huniita "mama", hata akinigombeza: we mama, hebu njoo hapa. Na hasemi kula vizuri. Anauliza umekula nini, ukimjibu anasema hicho si chakula.

Labda amebadilika. Ana mtoto mwingine sasa, labda kajifunza maneno mengine kwa ajili ya huyo.

Nguo hazijakauka.


Jumatatu, 18 Agosti

Nimemuuliza. Tulikuwa tunakula mchana juu ya mawe, tumejitenga. Nikamwambia Mama haniiti hivyo. Alikuwa anakwangua rangi iliyobaki kwenye kidole gumba. Hakuinua uso.

Hakumpata Mama. Simu iliita mpaka ikakata. Jumanne alipiga mara tatu, Alhamisi mara mbili. "Nikashuka nakuja," alisema, "nikakuona pale langoni unavyonitolea macho. Nikashindwa kukuambia hajapokea."

Alinipaka mafuta kwa mgongo wa chupa siku sita nzima! Nimechimba mchana kutwa kimya, sururu ikawa inatoa cheche kwenye mawe. Maji ya Mama Hesabu yakanyooka, nikafukua, yakanyooka tena. Mara ya tatu ndiyo yakatoka.

Na huku nafukua nikawa nafikiri. Mimi naitika kwa ajili yake, yeye aliitika kwa ajili ya Mama. Sijui nimkasirikie kwa uso gani. Isitoshe ni mtu wa kwanza humu kujali kama nina sura gani nikingoja.

Jioni amekuja kukaa kwenye ukingo wa kitanda changu. Amesema kule mwambani mtandao unakatikakatika, ndiyo maana. Juu zaidi kuna kilele cha pili, mlinzi alimwambia huko umejaa. Kesho atapanda mpaka huko. Atapiga hata mara ishirini. Akauliza akipokea amwambie nini.

Nikasema amuulize kama kuna nafasi ya godoro moja. Sitaki kitanda.

Halafu nikamwambia asiende, huko hajawahi kufika. Nilisema mara moja tu, tena kwa sauti ya chini, nikijua hatanisikiliza.


Jumanne, 19 Agosti

Saa kumi na moja na robo jioni. Niko bwaloni, mbele ya redio. Naandika ili mkono ushike kitu.

Nianze mwanzo.

Kucha alichepuka saa saba hivi, mapema kuliko kawaida, kwa sababu kilele ni mbali. Alinikonyeza. Nusu saa haikupita, ukungu ukashuka. Sijawahi kuona ukungu wa hivyo: nilikuwa naona mtaimbo wangu, buti za Mhubiri sizioni. Mama Hesabu akasema kazi imekwisha, kusanyeni, twendeni kabla ya mvua.

"Hesabu!"

Niliitika. Nilijiambia yuko njiani anashuka, ameuona ukungu kama sisi tulivyouona.

Darajani mvua ilikuwa imeshaanza. Niliitika.

Langoni nilitazama vile vichaka. Nilipunguza mwendo. Hakuna kilichotikisika. Kila mtu yuko ndani ya koti la mvua, kofia imefunika uso, hujui nani ni nani. Mama Hesabu alisimama chini ya upenu anaandika kwenye daftari lake, maji yanamdondokea kwenye kalamu. Alisema hesabu bila kuinua kichwa.

Kumi na moja. Nikasogea hatua moja kushoto. Kumi na mbili.

Ile hatua moja siwezi kuielezea. Hakunituma mtu. Makubaliano yalikuwa mara mbili. Lakini nilijua nikinyamaza hapo, Kucha anarudishwa kwao na begi lake, na mimi nabaki na benchi langu na gunia la mchele. Hilo ndilo nililofikiri. Sikufikiria mvua wala giza. Nilifikiria benchi.

Saa kumi ikapigwa kengele ya chai. Vikombe vyetu vina namba za rangi nyeupe, kila mtu anachukua chake. Kikombe cha kumi na mbili kikabaki kwenye sinia. Mama Hesabu akauliza mwenyewe yuko wapi. Nikasema amelala, tumbo linamuuma. Huo niliusema kwa sauti yangu kabisa. Akasema mpelekee basi, muulize kama anataka dawa.

Nikaenda nacho hemani. Kwenye nguzo ya hema filimbi yake inaning'inia. Aliivua Jumapili akaoge. Koti lake la mvua liko chini ya mto, limekunjwa vizuri.

Nilikaa na kile kikombe mpaka kikapoa. Niliendelea kusikiliza njia ya mkato. Kila tawi lililoanguka nilisema ndiye. Kwenye kumi na nusu na kitu nikainuka.

Mama Hesabu alikuwa bwaloni, wote walikuwepo. Mlinzi wa msitu naye alikuwepo, anakausha soksi. Nilisimama mbele yao. Nikasema Mama, Kucha hayupo. Akasema si umesema amelala? Nikasema hapana. Akasema lakini langoni kaitika, nimemsikia kwa masikio yangu.

"Aliyeitika ni mimi, Mama."

Hakuelewa. Alinitazama kama mtu anayengoja nimalize. Nikaona hakuna njia nyingine. Nikaifanya. Kumi na mbili, na ile "mbi" ndefu.

Mhubiri aligeuka kutazama mlangoni. Kweli — aligeuka kuona kama Kucha anaingia.

Mama Hesabu alikaa juu ya gunia. Nilingoja anitukane. Aliniuliza kitu kimoja tu, leo mara ngapi. Nikasema tatu. Akahesabu kwa vidole, saa saba, saa nane, saa tisa, akavikunja. Nikamwambia na kilele cha pili, na kwamba amekwenda kwa ajili yangu, kumpigia mama yangu. Hilo la mwisho sidhani kama alilisikia, alikuwa ameshashika koti.

Wamekwenda watatu: yeye, mlinzi na mpishi. Mlinzi amesema na ukungu huu, ikifika saa kumi na mbili hakuna mtu atakayeona mguu wake, itabidi washuke, watafute tena kesho asubuhi. Kule kileleni kuna makorongo pande mbili. Alisema hayo kwa Mama Hesabu, taratibu, lakini mimi masikio yangu ndiyo yamenifikisha hapa.

Wavulana walitaka kwenda. Mama Hesabu akasema hakuna anayetoka. Kisha akanisukumia redio moja. "Kaa hapa. Ikiita, jibu," akasema. "Kwa sauti yako."

Saa kumi na moja na dakika ishirini na tano. Mlinzi ameita. Wamefika mwamba wa kwanza, hayupo. Wanapanda.

Hakuna anayeongea na mimi. Hawanitukani pia. Namba moja ameniletea chai, akaiweka mezani, akarudi kukaa na wenzake. Nadhani wananiogopa kidogo. Mhubiri anaomba, leo kwa ufupi.

Nafikiria simu yake. Labda kule juu mtandao ulijaa kweli. Labda Mama alipokea. Labda sasa hivi kuna mtu mmoja duniani anayejua kama kuna nafasi ya godoro, na mtu huyo amekaa kwenye korongo bila koti wala filimbi. Na labda Mama hakupokea, naye akasema ajaribu mara moja tena, mara moja tena, kwa sababu anajua nitakavyomtolea macho.

Sitaki tena kujua. Asiniletee jibu lolote. Aje tu.

Saa kumi na moja na dakika arobaini. Redio imekwaruza, hakuna neno.

Dirisha la bwalo lilikuwa la kijivu, sasa linaanza kuwa jeusi. Mtu amewasha taa. Nimechukua ile filimbi ya Kucha, nimeivaa pamoja na yangu. Nilitaka kwenda kuipuliza nje, Mhubiri akasimama mlangoni akasema tafadhali usitoke, tusipungue tena.

Saa kumi na mbili kasoro dakika nane. Redio! Mama Hesabu. Anahema. Amesema neno moja tu.

"Hesabu."

Tumetazamana. Sijui ni mazoea, au anataka kujua kama sisi huku tuko salama wote, au anauliza kama Kucha amerudi mwenyewe kwa njia ya mkato. Namba moja amekuja, amebonyeza kitufe, amesema moja. Mbili akaja. Tatu. Wanapokezana redio mmoja mmoja, wamesimama kwenye mstari, bila kuambiwa. Tisa. Mhubiri amesema kumi, akanirudishia.

Nimesema kumi na moja. Kwa sauti yangu. Imetoka nyembamba, kama ya mtu ambaye hajaitumia siku nyingi.

Nimeachia kitufe. Mama Hesabu amebonyeza kule kwake, nasikia mvua, nasikia anapumua, hasemi kitu. Ameachia. Anangoja kumi na mbili.

Wote kumi wananitazama mdomoni. Koo linaijua ile sauti, limeshajiweka tayari. Nimeuma ulimi. Redio iko wazi mezani, kasoro dakika tatu, na hakuna anayegusa kitufe.